Baba Alipoulizwa Kuhusu Bibi

Juzi jirani yangu hapa Ibadakuli aliishiwa gesi, akawasha mafiga uani kwa miti ya pamba aliyoletewa na ndugu zake wa shamba. Moshi ukapita dirishani kwangu, ukanikuta nakunja nguo. Wenzangu wa rika langu mliokulia huku mnaujua moshi ule. Si kama wa kuni. Ni mkavu, una uchungu unaokaa nyuma ya koo, na jicho likishauonja halitulii mpaka jioni. Nilifunga dirisha, halafu nikalifungua tena, nikasimama pale nauvuta kusudi huku machozi yananitoka. Binti yangu akaniuliza kama kuna msiba.

Nikamwambia hakuna. Nilikuwa nimemkumbuka Bibi Nyanzobe, mama yake baba, na somo moja la Kiingereza ambalo mpaka leo nina kinyongo nalo, ingawa lenyewe halikuwa na kosa.

Bibi alikuwa mpishi wa uji katika shule yetu ya msingi, kijiji cha nje kidogo ya Didia. Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha tofali mbichi chenye mlango mmoja na bati juu, na dirisha walilisahau, kama ilivyo kawaida ya vitu vinavyojengwa kwa ajili ya kinamama. Kwetu miti ilishakwisha zamani. Tulipikia miti ya pamba iliyobaki shambani baada ya mavuno, na ikiisha tulipikia samadi kavu. Bibi aliingia humo kabla jua halijatoka, akakoroga sufuria lililomfika kiunoni, na alipotoka alikuwa anapangusa macho kwa pindo la kitenge. Macho yale yalikuwa mekundu kila siku ya Mungu. Mimi niliyakuta hivyo. Nilidhani jicho la mwanadamu huwa jekundu likizeeka, kama nywele zinavyokuwa nyeupe, na nikawa nangoja kwa hamu siku macho ya mama nayo yatakapobadilika.

Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote. Nililala chumbani kwake, kitanda kimoja, na harufu ya moshi kwenye kitenge chake ndiyo iliyonipa usingizi. Aliniwekea ukoko wa uji chini ya sufuria, akausugua na sukari kidogo kama ipo. Akinikabidhi alisema, "Kula, ng'wanawane, hao wengine watapata wa kwao." Ng'wanawane ni mwanangu kwa Kisukuma, na Bibi alimwita hivyo kila aliyempenda, pamoja na baba, mtu mzima mwenye ndevu.

Mwaka niliokuwa darasa la sita tuliletewa mwalimu mpya wa Kiingereza, Mwalimu Mbaga, kijana kutoka upande wa Same. Alikuwa mwembamba, msafi kupita kiasi, anapiga pasi mpaka soksi. Alikipenda Kiingereza kama wengine wanavyopenda mpira, na alitaka na sisi tukipende, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa watoto ambao hata Kiswahili walikikutia shuleni.

Siku hiyo alichora ngazi ubaoni. Kipago cha juu kabisa akaandika must. Chini yake akaandika may, halafu might, na pembeni ya might akaandika could. Akatuambia hizo ni ngazi za uhakika. Ukiwa na hakika na jambo, umesimama juu, unasema must. Ukiwa huna hakika, unashuka. Tukamuuliza may na might zina tofauti gani, maana kwa Kiswahili zote alizitafsiri huenda, labda, inawezekana. Akakuna kichwa. Darasani tulikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, wanafanana mpaka mama yao alikuwa anawachanganya. Akawasimamisha. "Hawa mnawatofautishaje?" akauliza. Tukasema Kulwa anaongea kwanza. Akafurahi sana. May ni Kulwa, akasema, anatangulia kidogo mbele. Might ni Doto, anajificha nyuma yake. Could naye ni binamu yao aliyekuja kutembea. Mwenye hakika ndogo amchukue Doto.

Kisha akasema jambo nililolishika kuliko yote. Alisema mtu muungwana hapandi juu ya ngazi bila sababu. Hasemi must juu ya mwenzake kama hana ushahidi. Maneno ya chini ndiyo maneno ya mtu mpole, hayamuumizi mtu. Niliyameza hayo kama dawa.

Akatafuta mfano. Alichungulia nje, akamwona Bibi anatoka jikoni na ndoo, moshi unamfuata, anapangusa macho. Mwalimu akatabasamu, akageuka, akaandika ubaoni kwa mwandiko wake mzuri: Grandmother's eyes are red. Why? Yaani, macho ya bibi ni mekundu, kwa nini? Akatutaka kila mmoja atunge sentensi, achague neno kutoka kwenye ngazi. Kwake yeye lilikuwa swali jepesi, kama la mtu aliyekata kitunguu. Alitegemea tuseme huenda amechoka, labda hakulala, inawezekana ni moshi.

Mikono ikanyooka darasa zima. Hatukuwahi kunyoosha mikono namna ile katika somo la Kiingereza. Na mimi nikanyoosha, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na bibi mwenyewe ni wangu. Mwalimu akamchagua Shija, aliyekaa dawati la mbele, ambaye mdogo wake mchanga alikuwa amekufa kwa homa mwanzoni mwa mvua.

Shija akasimama wima, mikono nyuma, kama tulivyofundishwa.

"She must be a witch," akasema. Lazima ni mchawi.

Mikono yote ikashuka. Hicho ndicho kilichonishtua kuliko sentensi yenyewe. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeguna. Walishusha mikono taratibu kama watoto wanavyoshusha wakishatanguliwa jibu. Mkono uliobaki juu ulikuwa wangu peke yangu.

Mwalimu Mbaga ndiye aliyecheka, akidhani ni utani. Halafu akatutazama, safu kwa safu, na kicheko kikamkauka.

"Shija, umejuaje?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Macho, Mwalimu," Shija akajibu, kwa sauti ya kumwonea huruma mtu mzima asiyejua kitu. Kwetu jambo hilo lilikuwa wazi. Bibi kizee mwenye macho mekundu alijulikana ni nini. Kwingine waliwahi kukatwa mapanga kwa ajili ya hayo macho tu, na tulizisikia habari hizo wazazi wanapodhani tumelala. Lakini mimi sikuwahi kuwaza kwamba bibi hao walifanana na wa kwangu.

Mwalimu alifuta sentensi kwa kiganja, dasta ikiwa mezani mbele yake. Kengele ya uji ikagongwa. Tukapanga foleni, Bibi akatumiminia kwa upawa kama siku zote, na nikamwona Shija anakwenda nyuma ya darasa na kuumwaga uji wake chini. Wengine wakamwaga pia. Bibi alipoona alisogea mlangoni akauliza kwa wasiwasi, "Umeungua?" Alionja kidogo kwenye upawa, akatikisa kichwa, haelewi.

Mambo ya darasani yakifika nyumbani hayabaki ya darasani. Jioni ile ile neno la Shija lilikuwa kwa mama yake, na kesho yake lilikuwa kisimani. Wanawake waliacha kumsalimia Bibi. Mama alirudi na ndoo, akaitua, akakaa chini. Wiki ile baba alikuwa nyumbani. Alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Geita, ambako alikuwa na duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na duara lilikuwa halijampa kitu. Alirudi amekonda, hasemi. Alikaa zizini na ng'ombe kuliko alivyokaa na sisi. Mama alipomweleza alisema, "Nimesikia," akaendelea kukata kamba.

Siku chache baadaye sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakaitisha dagashida, mkutano wao mkubwa, mchana, kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe. Watoto hatukuruhusiwa, lakini Bibi alinishika mkono, akasema huyu anakuja na mimi, na hakuna aliyembishia. Tulikaa chini katikati ya duara la watu. Wanaume walikuwa na pinde na marungu yao. Kichwani nilikuwa na ngazi ya Mwalimu Mbaga. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, kwamba asitokee mtu akasema lile neno la juu.

Mama Shija alisimama kwanza. Sikumchukia, na sasa ndiyo kabisa siwezi. Alikuwa bado na sauti ya msiba. "Mimi sikuja kumuua mtu," alisema. "Nimezika. Nataka kujua tu kwa nini."

Mwalimu Mbaga akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akaeleza habari ya jiko na dirisha, akasema hata yeye akikaa mle dakika chache macho yake yanakuwa hivyo hivyo. Alieleza kwa adabu, jasho linamtoka. Mzee mmoja akamkata katikati. "Mwalimu, wewe ni mgeni. Waache wenyeji waongee." Akakaa, lakini alikaa karibu yetu, kwenye vumbi, na suruali yake iliyopigwa pasi.

Kamanda wa sungusungu, mtu mzima mwenye kikohozi, akamgeukia Bibi, akamwita mayu, yaani mama. "Mayu Nyanzobe, unasemaje?"

Bibi alisimama. "Ninawapikia watoto wenu mwaka hadi mwaka," alisema. "Ningekuwa na ubaya, si ningeanzia kwenye sufuria? Lipo pale, nendeni mkaonje. Na atakayeweza kulikoroga asubuhi nzima macho yabaki meupe, mimi nitampa mbuzi wangu."

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Niliona mabega ya watu yanalegea, na wanawake wa nyuma wakaanza kuitikia kwa vichwa kwamba kweli, jiko lile si mchezo. Hata Mama Shija alikuwa anatazama chini. Nikapumua. Niliona kama tayari tunarudi nyumbani.

Kulikuwa kumebaki jambo moja la utaratibu. Katika dagashida letu anayesema mwisho ni mwenye mji, mwanamume anayeishi na yule anayetuhumiwa na anayejua nyendo zake. Yeye akisimama akasema hapana, namjua, shauri linakufa hapo, na atakayelirudia anatozwa faini. Kila mtu alijua baba atasema nini. Watu walishaanza kukung'uta vumbi nguoni.

"Masanja," Kamanda akasema, "huyu ni mama yako, unaishi naye. Ni mchawi?"

Baba alisimama. Alitazama kofia yake aliyoishika. Nakumbuka ng'ombe mmoja alilia mbali, na nakumbuka muda ulivyokuwa mrefu.

"Sijui," akasema. "Inawezekana."

Na mimi, Mungu anisaidie, nilifurahi. Sikuona kingine. Nilisikia neno la chini ya ngazi, neno la Doto, neno la muungwana asiyemuumiza mtu. Niliona baba amekwepa vizuri, amemwokoa Bibi kwa ustadi. Niligeuka nimtazame Bibi nikiwa na tabasamu usoni.

Sijawahi kuuona uso wa mtu ukiwa vile. Hakulia. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, na macho yale mekundu yalikuwa yanamtazama baba kama anatafuta kumtambua ni nani. Mkono wake ulioshika wangu ukawa mwepesi, ukaniachia. Tabasamu langu likabaki usoni sijui nilipeleke wapi.

Hata wale waliokuja wakitaka kusikia ubaya hawakuwa wamejiandaa kuusikia kutoka kule. Kamanda akakohoa. "Masanja, umesikia nilichokuuliza?"

"Nimesikia." Na sasa alikuwa anaongea haraka, kama mtu aliyefunguliwa. Alisema duara lake kule Geita lilijaa maji kila alipokaribia kwenye mwamba, na wenzake wa pembeni walipata. Alisema mganga wa kule machimboni alimwambia kuna mtu wa nyumbani amemfunga, mtu mzima, mwanamke. Hakumtaja jina. "Sisemi ni yeye," baba akasema. "Sina hakika. Nasema siwezi kukataa."

Mwalimu Mbaga aliinama, akaziba uso kwa viganja. Mama yangu, aliyekuwa amesimama nyuma na wanawake, alitoa sauti ndogo, nikajua kwamba hata yeye alikuwa hajaambiwa habari ya mganga.

Niseme mapema ili msihangaike: Bibi hakuguswa na mtu. Nafikiri Kamanda mwenyewe aliogopa. Aliahirisha shauri, akatangaza kwamba atakayemsogelea mama huyu ajue atakutana na sungusungu, na watu wakatawanyika bila kuagana. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, kwa kaka yake upande wa Geita, akazeeka na kufa kitandani. Mwalimu Mbaga aliomba uhamisho muhula uliofuata. Hakutufundisha tena zile may na might. Aliziruka, na mtihani ulipokuja nazo tukakosa darasa zima.

Mimi nilikuja kuzijua ukubwani, kwa sababu kazi yangu inataka barua za Kiingereza, na naziandika bila shida. Lakini nikimsikia mtu anaulizwa juu ya ndugu yake, akajibu kwa lile neno laini la kujihadhari, nainuka naondoka. Wanaosema must nimekutana nao, na angalau hao unaweza kubishana nao.

Jioni ile Bibi alipika. Alipika ugali na mlenda, akamtengea baba kwanza kama siku zote, na baba akala. Mimi nilikuwa nasikiliza matonge tu. Nililala mgongoni kwake. Nilitaka kumweleza kwamba sikutabasamu kwa ubaya, lakini sikujua nianzie wapi, na yeye alinivuta shuka mpaka mabegani bila kugeuka.

Kulipopambazuka alikuwa ameshavaa kitenge chake kizuri, na mzigo wake umefungwa. Ulikuwa mdogo. Mama alikuwa analia waziwazi na kumshika mkono, akimwita mama, mama, usifanye hivi. Bibi alimbembeleza kama yeye Bibi ndiye anayebaki. Aliponifikia mimi aliniinamia, akaninusa kichwani, akaniambia nisiache shule.

Baba alikuwa amesimama kwenye lango la zizi. Usiku haukumtendea vizuri. Alikuja mbio mbio, akasimama njiani mbele yake.

"Mama, mimi sikusema wewe ni mchawi," alisema. "Nilisema tu inawezekana."

Bibi aliweka mzigo chini. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Mama Shija amezika mtoto, ana haki ya kutafuta," alisema. "Yule mwalimu hanijui, lakini alisimama. Wewe uliulizwa habari yangu, Masanja, ukaanza kufikiri."

Nilingoja Bibi amwite baba ng'wanawane, kwa sababu hakuwahi kumuaga bila neno hilo, hata alipokuwa anakwenda mnadani na kurudi. Badala yake alimpa mkono, kwa heshima, kama mtu na mwenyeji wake. Akamshukuru kwa kumpa mahali pa kulala miaka yote hiyo, akaubeba mzigo, akaondoka. Nyumba ile walikuwa wameijenga yeye na babu kabla baba hajazaliwa.